Gari kuukuu linapolala upande: Springi zikunjwe upya au zibadilishwe?

Na Mwandishi Wetu

OKTOBA mwaka 2024 jiji la Arusha lilipokea msururu wa magari ya Land Rover ya kila rika, yaliyofika kwa ajili ya tamasha la magari hayo. Yeyote anayeyatazama kwa makini magari ya umri huo, yawe Arusha, Nairobi au katika uwanja wa nyuma wa gereji yoyote ya mjini, hachelewi kuona kasoro moja inayojirudia: gari limesimama mahali tambarare, matairi yake yamejaa upepo, lakini limeinamia upande mmoja, mithili ya mtu aliyebeba ndoo ya maji kwa mkono mmoja.

Mafundi husema gari la namna hiyo "limelala". Wenye magari wengi huliacha hivyo kwa miaka, wakidhani kwamba ni suala la sura tu. Wengine hulipeleka kwa fundi, ambaye huzifungua springi, akazigonga kwa nyundo hadi zikapinda upya, kisha akazirudisha. Gari husimama wima, mwenyewe hufurahi, na baada ya miezi michache hulala tena.

Ni kwa nini hali inakuwa hivyo? Na je, ni lini kuzikunja upya springi ni jambo la busara, na ni lini ni kuhatarisha maisha ya waliomo ndani ya gari?

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa hadharani Aprili mwaka 1948 katika maonyesho ya magari ya Amsterdam, nchini Uholanzi. Tangu hapo hadi toleo la Series III, lililokoma kutengenezwa mwaka 1985, magari hayo yalibebwa mbele na nyuma na springi za majani, yaani vyuma bapa virefu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kile kirefu kikiwa juu na vifupi vikifuatia chini yake. Springi za koili zilianza kutumika katika Land Rover za kazi mwaka 1983, lilipotoka toleo la 110. Kwa hiyo mwenye Defender ya kawaida hahusiki na habari hii. Anahusika mwenye zile kongwe zaidi, na pia mwenye Toyota Land Cruiser, kwani hata baada ya mabadiliko ya mwaka 1999 yaliyoweka koili mbele, matoleo yake marefu ya kazi yaliendelea kubebwa na springi za majani kwa nyuma.

Sababu ya watengenezaji kuzipenda springi hizi ni kwamba zinafanya kazi mbili kwa pamoja. Zinapokea mishtuko ya barabara, na wakati huohuo ndizo zinazoishikilia ekseli mahali pake ili isisogee mbele, nyuma wala pembeni. Jani kuu, lile la juu, limeviringwa ncha zake mbili kuwa mfano wa pete. Pete moja hufungwa moja kwa moja kwenye chasisi, na nyingine hufungwa kwenye kiungo kinachobembea, kwa kuwa springi inaponyooka kwa uzito hurefuka kidogo na lazima ipate nafasi ya kurefukia.

Hapo ndipo ulipo uzito wa suala lenyewe. Koili ikikatika, gari hushuka upande huo, lakini ekseli huendelea kushikwa na vyuma vingine. Jani kuu likikatika karibu na pete yake, hakuna kingine kinachoishika ekseli upande huo isipokuwa jani la pili, endapo limetengenezwa kuizunguka pete hiyo. Ekseli hukaa mshazari na gari hukata kona lenyewe. Likitokea kwenye mteremko, dereva hana la kufanya kwa usukani.

Chuma cha springi si chuma cha kawaida. Kina kaboni nyingi kuliko chuma cha kujengea, kwa kawaida asilimia 0.5 hadi 0.6, na huchanganywa na madini kama silikoni, manganizi au kromi. Kiwandani hupashwa moto hadi zaidi ya nyuzi 800 za Sentigredi, huzimwa katika mafuta ili kiwe kigumu, kisha hupashwa tena kwa joto la wastani, takriban nyuzi 400 hadi 550, ili ugumu ule upungue kidogo na kipate unyumbufu. Bila hatua ya kwanza kingepinda na kubaki kimepinda. Bila hatua ya pili kingevunjika kama kigae. Wahunzi wa Afrika Mashariki wanakifahamu vizuri chuma hiki, na ndiyo maana springi iliyotupwa na fundi magari haikawii kugeuzwa panga, shoka au jembe.

Springi hulala kwa njia mbili, na mara nyingi zote mbili hutokea katika gari moja.

Ya kwanza ni kuchoka kwa chuma chenyewe. Kila springi ina kikomo ambacho ikipindishwa ndani yake hurudi ilipokuwa. Mzigo uliozidi, au shimo lililoingiwa kwa kasi, huivusha mpaka huo kidogo, na kila inapouvuka hairudi kikamilifu. Gari lililokaa miaka mingi na mzigo mgongoni, kama tangi la maji, mashine ya kuchimbia au kichanja kizito juu ya paa, hupoteza milimita moja hapa na nyingine pale hadi siku mwenyewe anapogundua kwamba mlango wa nyuma umekaribia ardhi.

Ya pili ni kutu, na hii haizungumzwi vya kutosha. Maji huingia katikati ya majani na kukaa. Kutu hujijenga, mwendo wa gari huisaga, chuma kipya hufunuka, nacho hushika kutu. Jani huzidi kuwa jembamba huku kwa nje likionekana zima. Kanuni ya ufundi ni kwamba ukakamavu wa jani hufuata unene wake mara tatu, yaani unene unajizidisha wenyewe kwa wenyewe mara mbili. Jani la milimita 6 likiliwa hadi milimita 5.4 linakuwa limepoteza asilimia 10 tu ya unene, lakini limepoteza takriban asilimia 27 ya ukakamavu. Likifika milimita 5, linabakiwa na chini ya asilimia 60. Springi iliyokuwa ikishuka sentimita 10 chini ya uzito wa gari, majani yake yote yakipungua kwa asilimia 10, itashuka karibu sentimita 14. Hakuna nyundo inayoweza kurudisha unene huo.

Hata hivyo, kabla ya kuilaumu springi ni lazima kuhakikisha kwamba ndiyo mkosaji. Gari huegeshwa mahali pa sawa kabisa, matairi yakiwa na upepo uleule na bila mtu ndani. Kisha hupimwa urefu kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, magurudumu yote manne. Kupima kutoka ardhini hudanganya, kwani tairi mbili zilizotofautiana kulika huleta tofauti isiyohusiana na springi. Vipimo huandikwa, navyo hurudiwa baada ya gari kusukumwa mbele na nyuma mita chache ili springi zilizokwama zijiachie.

Ikiwa tofauti ya kushoto na kulia ni ndogo, pengine hakuna ugonjwa. Katika Land Rover nyingi za zamani springi ya upande wa dereva ilitengenezwa ikiwa na mpindo mkubwa kuliko ya upande wa abiria, kwa sababu upande huo hubeba dereva na, katika matoleo mengi, tangi la mafuta. Wapo mafundi waliozifunga bila kulijua hilo, la kulia likaenda kushoto, na gari likalala siku ileile lilipotoka gereji likiwa na springi mpya kabisa.

Aidha, hukaguliwa chasisi yenyewe. Bodi ya Land Rover ni ya mchanganyiko wa aluminiamu na haishiki kutu kama chuma, lakini chasisi yake ni ya chuma. Gari linaweza kuonekana zima kwa juu ilhali mahali springi inaposhikiliwa pamebaki ganda. Bisibisi ikigongwa hapo ikazama, basi kazi ya springi isubiri kazi ya kuchomelea chasisi. Vilevile huangaliwa iwapo kuna jani lililokatika, iwapo bolti ya kati imekatika na kuiacha ekseli iteleze, na iwapo bushi zimelika hadi bolti inagusa chuma.

Baada ya hapo ndipo springi inaweza kufunguliwa, na hii ni kazi ya hatari kuliko inavyodhaniwa. Gari huwekewa vizuizi kwenye magurudumu yasiyoinuliwa, huinuliwa, kisha chasisi hukalishwa juu ya stendi imara. Jeki peke yake haitoshi, wala matofali hayafai, kwa kuwa tofali hupasuka bila kutoa taarifa. Jeki ya pili huishika ekseli ili ishushwe polepole, na mpira wa breki huangaliwa usije ukabeba uzito wa ekseli.

Nati huwekwa mafuta ya kulainisha kutu tangu jana yake. Kikwazo kikubwa huwa ni bolti za pete, ambazo baada ya miaka mingi hushikamana kwa kutu na bomba la chuma lililo ndani ya bushi. Fundi mwenye subira hutumia saa nzima kuzigonga, kisha huishia kuzikata kwa grinda pande zote mbili. Ni afadhali kuzikata mapema. Bolti ni rahisi kuliko pembe ya chasisi iliyopindishwa kwa nyundo.

Springi ikishatoka, hubanwa kwenye jiliwa kabla ya kufungua bolti ya kati, kwa sababu majani yamefungwa yakiwa na nguvu ndani yake na huruka yanapoachiliwa. Kila jani husuguliwa kwa brashi ya waya na kukaguliwa. Sehemu mbili ndizo hukatika zaidi: kuzunguka tundu la bolti ya kati, na pale ncha ya jani la chini inapochimba mfereji katika jani la juu yake. Ufa usioonekana kwa macho hutafutwa kwa mafuta ya taa: jani hulowanishwa, hufutwa likakauka, kisha hupakwa unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hutoka yenyewe na kuchora mstari juu ya chaki. Jani lenye mstari huo halina dawa. Kulichomelea ni kosa, kwa kuwa joto la kuchomelea huua ugumu pande zote mbili za kiungo na jani hukatika pembeni yake.

Sasa linakuja suala la nyundo. Jani hulazwa juu ya vyuma viwili vilivyoachana, upande wenye bonde ukitazama juu, na hugongwa katikati kuanzia ncha moja hadi nyingine hadi mpindo unaporudi. Njia hii ni kongwe, na mafundi stadi wa India, Uingereza na Afrika Mashariki wameitumia kwa miongo mingi. Kasoro yake ni kwamba upande wa bonde unaogongwa ndio uleule unaovutwa gari linapobeba mzigo, hivyo kila alama ya kina iliyoachwa na nyundo huweza kuwa chanzo cha ufa. Vilevile, chuma kilichopindishwa kikiwa baridi hubaki na mvutano ndani yake unaokielekeza kurudi kilikotoka. Hii ndiyo sababu ya gari kulala tena baada ya miezi michache.

Wapo wanaokwepa jasho la nyundo kwa kulipasha jani kwa moto wa gesi hadi liwe jekundu ili lipinde kwa urahisi. Hapo wanakuwa wamefuta kazi yote iliyofanywa kiwandani. Jani likipoa lenyewe huwa laini, na likizimwa kwa maji huwa kigae. Moto una nafasi yake pale tu penye tanuri, mafuta ya kuzimia na kipimo cha joto, na karakana za namna hiyo zipo, ila si chini ya mwembe.

Jambo jingine linalomtofautisha fundi wa springi na mgongaji ni mwachano wa majani. Majani ya springi nzima hayana mpindo mmoja. Kila jani la chini limepinda zaidi ya lililo juu yake, hivyo yakiwekwa pamoja kabla ya kufungwa huonekana upenyo mdogo katikati. Bolti ya kati inapokazwa, upenyo hufumba na majani huanza kusukumana, kila moja likibeba sehemu yake ya mzigo. Anayelikunja jani kuu peke yake na kuyaacha mengine huzalisha springi ambayo jani moja linabeba kazi ya sita. Fundi makini huchora kwa chaki sakafuni mpindo wa springi iliyo nzima, hulikunja jani kuu likaulingana, kisha hushuka jani moja moja akipima upenyo.

Springi ikishafungwa tena kuna jaribio moja ambalo mwenye gari anapaswa kulidai bila aibu. Uzi huvutwa kutoka pete moja hadi nyingine, na kina cha kutoka kwenye uzi hadi kwenye jani kuu hupimwa. Springi hukandamizwa kwa mashine hadi inyooke, huachiwa, na kina hupimwa tena. Kupungua kidogo mara ya kwanza ni kawaida. Baada ya mara tatu au nne kipimo kinapaswa kutulia. Kikiendelea kushuka kila inapokandamizwa, chuma hicho kimekwisha na fedha iliyobaki ielekezwe dukani.

Kwa gari la matembezi ya mjini, lenye majani manene yasiyoliwa na kutu wala kuwa na nyufa, kukunja upya ni matengenezo halali yatakayompa mwenyewe muda wa kujipanga. Kwa gari linalobeba watu kwa malipo, liwe la watalii au la abiria wa vijijini, jibu ni springi mpya, tena jozi, kwani mpya upande mmoja na kuukuu upande wa pili hulirudisha gari kulala baada ya muda mfupi. Springi za mitumba kutoka magari yaliyovunjwa zinaweza kufaa, lakini kuhesabu idadi ya majani hakutoshi. Upimwe unene wa kila moja.

Kuongeza jani ni njia inayopendwa sana, na ina mahali pake pale ambapo mzigo ni wa kudumu na unajulikana. Gari tupu lenye jani la ziada, hata hivyo, hurukaruka kama mbuzi, na kishindo ambacho springi imekataa kukipokea huhamia kwenye chasisi kuukuu, ambayo hupasuka pale springi inaposhikiliwa. Kuhusu vipande vya mbao au mpira wa tairi vinavyopachikwa kati ya ekseli na springi ili kuinua upande uliolala, hakuna mengi ya kusema: huliwa, husagika, bolti hulegea, na ekseli huachwa bila mshikaji.

Katika kurudisha springi, bolti za U zinazoikumbatia ekseli zinunuliwe mpya, kwa kuwa za zamani zimekwisha kuvutika. Bolti za bushi za mpira zishikizwe tu gari likiwa juu, zikazwe kikamilifu baada ya gari kushushwa na kukalia uzito wake. Zikikazwa ekseli ikiwa inaning'inia, mpira hubaki umesokotwa muda wote na huchanika mapema. Kosa hili dogo ndilo linaloua bushi nyingi mpya mjini.

Kuhusu kupaka grisi kati ya majani, mafundi hawajawahi kukubaliana. Katika nyanda kavu zenye vumbi, grisi ya kawaida hunasa mchanga na kugeuka msasa unaosaga majani, hivyo rangi nyembamba au unga wa grafaiti ni bora. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, ambako hewa ya bahari ina chumvi, kutu ni adui mkubwa kuliko vumbi, na mafuta yanayopakwa mara kwa mara yana faida.

Baadhi ya pikapu na magari ya kazi ya Toyota yana kifaa kilichounganishwa kati ya chasisi na ekseli ya nyuma, kinachopima jinsi gari lilivyoshuka kwa mzigo na kugawa nguvu ya breki kulingana na hali hiyo. Gari likiinuliwa kwa springi mpya au ndefu zaidi, kifaa hicho hudhani gari ni tupu na hupunguza breki za nyuma. Kisiporekebishwa, dereva hugundua siku atakayofunga breki akiwa na mzigo. Taa za mbele nazo hurekebishwa, kwa sababu nyuma ikiinuka mwanga huangukia karibu.

Baada ya kilomita 200 hadi 500 nati za bolti za U hukazwa tena kwa spana yenye kipimo, na urefu wa kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa bodi hupimwa upya na kuandikwa kando ya vile vya awali. Springi iliyokunjwa hupimwa tena baada ya miezi mitatu, gari likiwa palepale lilipoegeshwa mara ya kwanza.